Usiioshe Chupa ya Maabara

Mama mwenzangu, ukipewa chupa ya maabara, usiioshe. Ukikuta ndani yake unga mweupe umetulia chini kama chumvi, usiseme hawa watu ni wachafu. Uache ulivyo. Usiusuuze, usiutie kidole, usiuonje. Najua mkono utakuwasha. Ukalie mkono huo kama ni lazima, lakini chupa usiioshe. Mimi niliiosha, na nitakuambia nilivyoiosha, ili siku ukichekwa na wewe uchekwe kwa jambo lako jipya, si kwa hili langu.

Nyumbani tuko watatu: mimi, binti yangu, na mjukuu wangu wa miaka minne tunayemwita Kijiko, kwa sababu hakubali kuachana na kijiko chake, hata bafuni anaingia nacho. Binti yangu anafanya kazi maabara ya maji. Kazi yao ni kupima maji ya watu na kuandika kama yanafaa kunywewa. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni akinuka spiriti, na akikaa mezani anainua bilauri kwanza na kuitazama mwangani kabla ya kunywa. Nimezaa mtoto anayeyashuku maji ya mama yake, nifanyeje.

Uani tuna kisima. Alikichimba marehemu mume wangu kwa mikono yake, miezi saba. Kila mtu alimwambia hapo hakuna maji, kuna mwamba. Akafika kwenye mwamba, akauomba radhi, akaendelea. Maji yalipotoka aliita mtaa mzima waje kuonja, na wale waliomkatisha tamaa akawapa bilauri kubwa kuliko za wengine, akawasimamia mpaka wakamaliza. Sasa imepita miaka miwili na ushee tangu atutoke.

Siku moja kabla hajaanguka aliteka maji, akajaza mtungi mdogo wa udongo ulio kwenye kona ya jikoni, ule unaochukua vikombe kumi. Yakawa ndiyo maji yake ya mwisho kuteka. Sikuweza kuyamwaga, na sikuweza kuyamaliza. Nikajitungia utaratibu wangu: kila asubuhi nachota kikombe kimoja nakunywa, kisha narudishia kikombe kimoja cha kisimani. Mtungi haukuwahi kuisha, na haukuwahi kuoshwa, maana ukiosha unaosha nini? Ilipokaribia miaka miwili, Kijiko akaanza kuuliza babu yuko wapi. Nikaona kikombe cha asubuhi sasa kiwe chake. Moyoni nikawa nasema mtoto anakunywa mkononi mwa babu yake. Mama yake anakuwa keshaondoka kazini, kwa hiyo hakujua. Nakuambia wewe mapema usije ukadhani nakuficha. Waliofichwa ni wao.

Haikupita muda tumbo la Kijiko likaanza. Mtoto aliyekuwa akimaliza sahani na kuigonga akawa anakisukuma chakula pembeni. Akakonda mpaka suruali tukaifunga kwa kamba. Zahanati walitoa dawa na kusema apewe maji yaliyochemshwa tu. Nilitii. Tumbo likatulia. Likishatulia nampa kikombe chake cha mtungini, kwa kushukuru, na baada ya siku tatu linarudi. Tulizunguka hivyo wiki tatu, na mimi niliyekuwa nimeshika kikombe sikuona kitu. Nilikuwa nimekunywa maji yale karibu miaka miwili na tumbo langu halikusema neno. Lakini tumbo langu limeshaona mengi, halishtuki ovyo.

Binti yangu akasema ni kisima.

Nilivyosikia neno hilo ni kama amemwita baba yake mchafu mbele za watu. Siku mbili nzima hatukuongea ana kwa ana. Nilikuwa namwambia Kijiko, mwambie mama yako chakula kiko tayari, na mama yake amesimama hapo hapo anajipangusa mikono. Kijiko anafikisha ujumbe kwa heshima zote, na majibu ananiletea.

Mwishowe binti yangu akasema hatutabishana, tutapima. Maabara yao ina sheria kwamba mfanyakazi haruhusiwi kuchukua maji ya nyumbani kwake, kwa sababu zamani kuna mtu aliwahi kuupendelea ukoo wake. Mwenye kisima achukue mwenyewe, asaini, apeleke. Basi akaniachia chupa kwenye kikasha chenye barafu, pamoja na fomu, akanielekeza mara mbili: fungua pampu maji yatiririke kwanza, usiioshe chupa, jaza mpaka kwenye mstari, funga, uniletee kabla saa sita hazijapita. Nilisikia yote. Sina shida ya masikio.

Alipoondoka nikafungua chupa, nikauona ule unga.

Sasa jiweke mahali pangu. Maji ya mume wangu yanakwenda kutazamwa na wageni wenye makoti meupe, wasiomjua, na yanakwenda ndani ya chupa chafu. Wewe ukiitwa shuleni kwa ajili ya mwanao, humuogeshi? Humkati kucha? Niliiosha chupa kwa sabuni, nikaisuuza, nikaiona bado, nikaitia ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikaikung'uta tu maana muda unakwenda. Halafu nikateka maji. Nikayachuja kwa kitambaa kipya. Nikayachemsha mpaka sufuria ikawa inanitetemekea. Nikayapoza, nikayachuja tena, ndipo nikajaza mpaka kwenye mstari, maana mimi nafuata maelekezo. Fomu ilikuwa na swali: maji yametibiwa kwa dawa yoyote? Nikaandika hapana. Nilikuwa naona nimeyatayarisha tu.

Maji yaliyobaki kwenye sufuria nikayatia kwenye chombo cha glasi nikampelekea Fundi Kimya, ili niwe na shahidi wa pili.

Fundi Kimya ni seremala, alikuwa rafiki wa marehemu kufa na kupona. Mimi ni shemeji yake, na binti yangu anamwita Baba Mdogo. Anatengeneza milango. Mara moja kwa wiki, akishazima mashine, watu kama kumi huja kukaa kwenye karakana yake juu ya mbao, saa nzima, kimya. Hawaimbi na hawaombi kitu. Wanasema ukiacha kusukuma randa vumbi linatua lenyewe, na yaliyopo yanaonekana. Watu humletea vitu vinavyowasumbua, barua, chakula, maji. Atavishika au kuvionja, atafumba macho, atasema kilichomjia. Hapokei chochote. Binti yangu alizoea kumtania kwamba anapima bila chupa, na yeye hujibu kwamba ndiyo maana hana chupa za kuvunjika.

Nilimkuta anapiga randa fremu ya mlango. Nikampa chombo. Akaniuliza nimemletea maji gani. Nikasema ya kisimani. Akaniuliza tena, maneno yale yale, sauti ile ile. Nikasema ya kisima cha rafiki yako, yako mengine? Akauliza mara ya tatu. Hapo nikamwambia kama masikio yamejaa vumbi la mbao akayasafishe kwanza.

Akacheka, akanifafanulia utaratibu wake. Mtu akiulizwa mara ya kwanza hutoa jibu lililokaa karibu na mlango. Mara ya pili anaingia sebuleni kuchukua jingine. Mara ya tatu ndipo anakwenda chumbani, alikoficha. "Wewe shemeji umeishia sebuleni," akasema, "tena umesimama."

Akanywa funda moja, akafumba macho, akakaa muda wa kutosha mimi kuhesabu misumari yote ukutani.

"Maji haya yamefundishwa la kusema," akasema. "Sijui ni nani kayafundisha. Ukipata ambayo hayajafundishwa, niletee."

Nikachukua chombo changu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa najiambia, huyu ni fundi wa milango, maji yanamhusu nini.

Baada ya siku mbili karatasi ikatoka. Pale wanafanya hivi: maji wanayamimina kwenye visahani, wanaviweka kwenye kabati la joto siku nzima, na kila kijidudu kilichomo kinazaana mpaka kinaonekana kama doa. Wanahesabu madoa. Yetu ilikuwa sifuri. Binti yangu alinipa karatasi akiwa mnyonge, akasema samahani Mama, nimekisingizia kisima. Nikamsamehe kwa sauti kubwa ili na jirani asikie. Karatasi nikaibandika ukutani pembeni ya picha ya marehemu, halafu nikaibandua nikaenda nayo kwa Fundi Kimya. Nikasimama mlangoni nikamsomea yote, pamoja na muhuri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi. Akanimaliza nguvu kwa kukubali. Akasema karatasi inasema kweli.

"Basi wewe ulisema uongo," nikamwambia.

"Na mimi nilisema kweli. Karatasi inaijua chupa. Mimi naona wasiwasi wako. Kisima bado hakijaulizwa na mtu."

Nikamwona mtu mwenye wivu. Nikarudi nyumbani, na kwa furaha ya sifuri ile, nikaanza kumpa Kijiko vikombe viwili asubuhi badala ya kimoja. Mama mwenzangu, hapa sicheki. Mkono huu ndio ulioshika kikombe.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, Kijiko alikuwa amekaa sakafuni jikoni. Kijiko chake kikamtoka mkononi, na hakukiokota. Nilipomwinua, shingo ikalala begani kwangu kama nguo iliyoloa. Macho yalikuwa ndani, midomo imekauka. Nikatoka nikikimbia, kanga moja mwilini na nyingine njiani. Nilipofika karakanani pumzi zimeniishia, Fundi Kimya akaniona, akatupa randa, akamchukua mtoto mikononi akakimbia yeye. Sikujua mtu yule ana miguu vile.

Zahanati walimlaza, wakamtundikia dripu. Muuguzi akasema amepoteza maji mengi, tumemuwahi, ila tukae karibu. Tukaketi kwenye benchi, mimi na shemeji yangu mwenye vumbi la mbao kichwani. Kisha binti yangu akaingia na koti lake jeupe, hata hakulivua. Alipita moja kwa moja kwa mtoto, akamshika paji la uso, akatazama dripu inavyodondoka, akahesabu kwa midomo. Alipohakikisha, akaja kusimama mbele yangu. Mkononi alikuwa na nakala ya karatasi yangu.

Akasema asubuhi hiyo mkuu wake wa kazi alimwita kuhusu maji yetu. Kuna kipimo kingine kilikuwa kimechelewa, nacho kilionyesha dawa ndani ya maji, dawa ya kuua vijidudu. Na mkuu akamwambia kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona kisima cha uani kikatoa sifuri tupu, sifuri kila mstari. Kisima kina maisha yake. Hii si ya kisima, hii ni chupa ya chumba cha upasuaji.

"Mama," akasema binti yangu, "uliifanya nini ile chupa?"

Nilitazama pembeni, nikakutana na macho ya Fundi Kimya. Nikatazama upande wa pili, kuna ukuta. Nikasema. Sabuni, dawa ya nguo nyeupe, kitambaa, sufuria, kitambaa tena.

Binti yangu akaketi sakafuni, na koti lake. Akanieleza kwa upole ule unaouma kuliko makofi kwamba ule unga nilioukogesha ndio wenye kazi. Maji yakiwa na dawa, unga unaizima dawa, ili vijidudu vilivyomo visife njiani, vifike maabara viseme vyenyewe. Mimi nilitoa unga, nikaweka dawa, halafu nikapeleka maji yaliyokwisha kuuawa motoni. Sisi tulipima mapishi yako, akasema.

Fundi Kimya akakohoa. Alijitahidi, nakiri alijitahidi, lakini kicheko kilimpitia puani.

"Kumbe yalipita motoni," akasema.

"Baba Mdogo, usianze. Maji ya kuchemsha yanakuwa hayana ladha, yanakuwa kama yamelala. Mtu yeyote mwenye ulimi anajua."

"Nami nina ulimi."

"Basi huo ni ulimi. Si kufumba macho."

"Mwanangu, na mashine zenu zina nini zaidi ya ulimi?"

"Ulimi wetu unaandika," binti yangu akasema. "Tukikosea, mtu mwingine anakuja anarudia, anatukamata. Wewe ukikosea nani anakukamata?"

Fundi akafikiri. Akasema swali hilo ni zuri na hana jibu lake, ndiyo maana huuliza mara tatu. Halafu akasema lakini ona, leo nyinyi wawili mmekamata kitu kimoja, mmoja kwa dawa iliyobaki, mmoja kwa ladha iliyopotea. Aliyetofautiana na dunia nzima ni mmoja tu, na ameketi katikati yetu.

Wote wawili wakanigeukia. Siku zote hizo nilikuwa nimekaa nikingoja waparuane, kila mmoja na ukweli wake, nami nichague ulionipendeza kama achaguavyo mtu kitambaa dukani. Sikujua watakuja kusimama upande mmoja, na upande huo usiwe wangu.

Fundi Kimya akauliza, "Mtoto anakunywa maji gani?"

Nikasema ya kisimani, kama sote.

Binti yangu akauliza, "Mama, Kijiko anakunywa maji gani?"

Nikasema ya kuchemsha, tangu dawa.

Mara ya tatu hakuna aliyeuliza. Fundi akawa anajitoa vumbi kwenye kucha. Binti yangu akaangalia dripu. Nikamtazama Kijiko kitandani: mkono umefungwa kibao, vidole vimejikunja kushika kitu ambacho hakipo. Kijiko chake tulikiacha sakafuni jikoni. Nikaona nikinyamaza tena, nitakuwa nalinda mtungi kwa roho ya mtoto.

"Kuna mtungi," nikasema.

Nikawaeleza. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha kurudishia, miaka miwili. Binti yangu aliuliza tu kama nimewahi kuuosha, na nilipomjibu akafumba macho kama Baba Mdogo wake.

Kesho yake, Kijiko akiwa amekwisha kuomba chakula, tulikwenda nyumbani na chupa mbili mpya. Sheria ni sheria, ilibidi nichukue mimi. Binti yangu akasimama mlangoni mikono nyuma, Fundi dirishani, mimi katikati kama mtu anayefanya mtihani. Nilifungua chupa, nikauona unga, mkono ukaniwasha, nikauma mdomo. Moja nikajaza pampuni, moja mtungini. Sikuosha kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuosha.

Karatasi zikaja mbili. Kisima kilikuwa na madoa manne. Kinahitaji kufunikwa vizuri na maji kuchemshwa, basi. Karatasi ya mtungi, mahali pa namba palikuwa na maneno: ni mengi mno, hayahesabiki. Nami Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilijisikia fahari. Marehemu hakuwahi kufanya jambo kwa udogo.

Ikabaki kuyamwaga. Nikagoma. Nikawaambia wauoshe nje, waupake chokaa, waufunge kamba, nisimpe mtu tena, lakini maji ya mume wangu hayamwagwi.

Binti yangu akachukua kalamu, akakaa na mimi mezani. Akanichorea. Vikombe kumi, kila siku unatoa kimoja cha kumi na kutia kipya. Siku ya kwanza maji ya Baba yanabaki tisa. Siku ya pili yanabaki nane na kidogo. Akaendelea kushuka, ukurasa mzima, mpaka kwenye chembe ndogo kabisa ambayo haiwezi kugawanywa ikabaki kuwa maji. Akasema kwa hesabu hii, ilipofika mwaka mmoja na nusu hivi, haikubaki hata chembe moja. Miezi hii sita umekuwa ukichota maji ya kisima tu, Mama. Ya Baba yaliondoka, na aliyeyanywa ni wewe.

Nikamgeukia Fundi. Yeye ni mtu wa mambo yasiyoonekana, nikategemea ataniokoa. Akasema hesabu hana haki ya kuibishia. Ila akamuuliza binti yangu, "Wiki hizi za mwisho, mama yako alikuwa anampa mtoto nini?"

"Vijidudu," akasema binti yangu.

"Na nini kingine?"

Alichora duara pembeni ya hesabu zake, akalichora tena juu yake. Akasema hicho kingine kinaweza kutolewa kwa kikombe safi.

Basi nikaona nimeshindwa pande zote, nikatafuta tundu dogo la kutokea. Nikawaambia udongo unakunywa. Mtungi ukiutia maji, ukuta wake unaloa, nje unatoa jasho. Haya, yale ya kwanza yaliyozama ukutani yanatoka lini? Hesabu yako imeyaona?

Binti yangu akaacha kalamu. Akautazama mtungi, akapitisha kidole kwenye ukuta wake. Halafu akasema kwa sauti ya kazini, "Hapana. Ukuta sikuupigia hesabu. Sijui."

Hakuna karatasi yenye muhuri iliyowahi kunifurahisha kama hilo neno moja. Nikainuka mwenyewe, nikaubeba mtungi mpaka uani, nikayamwaga kando ya kisima, polepole, na nilipoinamisha mara ya mwisho binti yangu alikuwa amenishika kiwiko. Fundi Kimya akavua kofia. Kisha tukausugua ule mtungi kwa brashi na mchanga mpaka mikono ikatoka malengelenge, na siku hiyo nilioshwa hamu yangu yote ya kuosha.

Kijiko alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Kamba ya suruali tuliifungua mwezi uliofuata. Tumbo halijarudi tena, na nani amemponya bado wanabishana. Binti yangu anasema ni kumwaga. Fundi anasema ni kusema, kwa sababu kusingekuwa na kusema kusingekuwa na kumwaga. Nikiwachoka nawaambia ni muuguzi na dripu yake, wananyamaza wote.

Kwa hiyo mama mwenzangu, ukiulizwa kuhusu mtoto, awe aliyekuuliza ana koti jeupe au ana vumbi la mbao, mpe kitu kama kilivyo. Usikiogeshe. Wote wawili wanaweza kuukuta ukweli, lakini hakuna kati yao anayeweza kuukuta ukiwa umeupiga pasi kwanza. Na usingoje mara ya tatu. Mimi mara ya tatu nilikuwa nayo kwa sababu dripu iliwahi.

Limebaki moja, na hili nakuomba lisitoke hapa. Juzi binti yangu alisahau funguo, nikampelekea kazini. Nikaambiwa nimsubiri chumba chenye friji za kutunzia maji ya watu yaliyokwisha kupimwa. Mlangoni kuna tangazo: kila chupa itamwagwa baada ya siku saba. Nikachungulia kwenye kioo, nichungulie tu. Rafu ya chini, nyuma kabisa, kuna chupa nusu, maji yake yana rangi kidogo. Saini niliyoiona ni yangu, na mahali pa chanzo pameandikwa mtungi. Tarehe yake ina wiki kumi na moja. Kwenye mstari wa sababu ya kutunzwa, kwa mwandiko wa binti yangu, mtu wa sheria, mtu wa kushuku maji, imeandikwa: uchunguzi unaendelea.

Aliporudi nikampa funguo, nikamuuliza habari za kazi. Akasema nzuri. Sikumuuliza mara ya pili. Sasa wewe kama una ndugu anayefanya usafi mahali pale, mwambie rafu ya chini aifute kwa mbele tu.